Ubatizo wa Mara ya Pili

Nilitaka kwenda Japani. Niliandika hivyo kwenye fomu kwa herufi kubwa, mezani jikoni kwetu Louisville, na mama aliyenizaa akasoma juu ya bega langu, akaniuliza kama kuhama mara tatu hakujanitosha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Kwa miaka mitatu nilikuwa nimesimama ndani ya ghala karibu na uwanja wa ndege, nikipanga maboksi yasiyo yangu yaende kwa watu nisiowajua, na nilikuwa nimeapa kwamba maisha yangu yatakuwa na maana, hata kama itanibidi kuifuata maana hiyo upande wa pili wa dunia.

Shirika la misheni lilitukusanya Columbus, katika jengo lililokuwa shule zamani. Tulikuwa vijana wanane. Wawili walipangiwa Japani, Wamarekani weupe waliokulia mashambani, na mimi niliketi nyuma yao darasani nikiwaonea wivu. Walifundishwa kuvua viatu mlangoni na kuvigeuza vitazame nje. Walifundishwa kupokea kadi ya mtu kwa mikono miwili na kuisoma kabla ya kuiweka mfukoni. Zaidi ya yote, walifundishwa kunyamaza.

"Mwaka mzima hamtamhubiria mtu," mwalimu aliwaambia. "Mtajifunza lugha. Mtajifunza takataka hutolewa siku gani, na jirani hukasirishwa na nini. Ninyi ni wageni pale. Liheshimuni hilo."

Mimi nilipewa wiki mbili na tiketi ya basi la kwenda Buffalo. Nilipouliza masomo yangu mimi yanaanza lini, mwalimu yuleyule alinishika bega akacheka kwa upole.

"Wewe unakwenda kwa watu wako. Tukufundishe nini?"

Sikukasirika siku ile. Nilitabasamu, nikamshukuru. Hasira yangu ilichelewa, na ilipofika ilinikuta nimekwisha kutenda.

Watu wangu. Ni kweli nilikulia kambini Kigoma, mtoto wa Warundi, na ni kweli ningeweza kumwamkia mtu yeyote wa kambi ile bila kukosea. Lakini Buffalo sikuwahi hata kuiota. Nilifika mwezi wa nane wa mwaka 2015 nikapewa chumba ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao, mtaa mmoja kutoka barabara ya Bailey, pamoja na dada wa Kikenya aliyekuja Marekani kusoma uhasibu na kumaliza akiwa mmisionari. Sheria ya shirika ilikuwa moja: wawili wawili, dukani, kwenye basi, mlangoni kwa watu. Mwenzangu aliipenda sheria hiyo kwa sababu aliogopa mbwa. Mimi niliichukia kwa sababu alizungumza tangu tunapofunga mlango mpaka tunaporudi kuufungua.

"Aki wewe, tabasamu kidogo," aliniambia kila tulipobisha hodi. "Una sura ya askari wa trafiki."

Nilijifunza mji kama wale wenzetu walivyokuwa wakijifunza Japani, ila bila mwalimu. Nilijifunza kwamba nyumba za pale huwa za familia mbili, moja juu na moja chini, na ukibonyeza kengele isiyo yenyewe unafokewa na mtu aliyetoka zamu ya usiku. Nilijifunza kwamba theluji huanza kabla hujanunua viatu vyake. Nilijifunza pia jambo ambalo hakuna aliyetuambia Columbus: watu tuliotumwa kuwapelekea Injili walikuwa nayo. Walikuwa nayo kuliko sisi. Katika mitaa ile michache kulikuwa na makanisa matatu ya Warundi na Wakongo, yaliyokodi saa katika kumbi za Wamarekani, na kila kanisa lilikuwa na kwaya mbili zilizogombania kinanda kimoja. Tulibisha kwa watu waliokwisha kusali tangu alfajiri. Walitufungulia, wakatuonea huruma, wakatupa chai.

Bibi mmoja alitufungulia mlango, akatutazama kuanzia viatu hadi beji za majina, kisha akageuka akapaza sauti ndani kwa mwanawe: "Mapolisi wa Mungu wamefika! Wawili, kama kawaida yao!"

Halafu akatulisha. Ugali, maharage, na ndagala, dagaa wa ziwani, aliotumiwa kutoka Kigoma, waliokaushwa vizuri mpaka harufu yao ikanirudisha utotoni, nikainamisha uso juu ya sahani ili mwenzangu asinione. Bibi aliniona.

"Kula, mjukuu wangu," akasema. "Huko Louisville hawakulishi? Umekuwa Mmarekani wa mifupa."

Alikuwa na miaka sitini na kitu. Alifanya kazi katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali, zamu ya saa tisa mchana, na vidole vyake vilikuwa vimepasuka kwa dawa na joto. Alibatizwa akiwa mtoto mchanga, huko Burundi, kwa maji ya kumwagiwa kichwani. Kambini akapata kipaimara, akawa mama wa kanisa, akazika watu, akaimba sauti ya pili kwa miaka kumi na minne. Tulimzoea. Kila Alhamisi tulikwenda kwake kabla hajaenda kazini, tukasoma zaburi, na yeye ndiye aliyeifafanua.

Mwezi wa tisa kiongozi wetu alikuja kutoka Columbus kutazama kazi. Alikuwa mwanamume mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa urahisi, na alikuwa na daftari jeusi ambamo aliandika mambo ya kuwaombea watu. Ilikuwa desturi yake, na naamini hadi leo kwamba alilifungua kila asubuhi na kusali akilisoma. Aliketi kwenye kochi la bibi, akakunja nne, akatoa kalamu.

"Muulize," akaniambia, "anataka nimwombee nini?"

Nikamuuliza. Bibi akasema ana binti kambini. Siku ya mahojiano ya kuletwa Marekani, miaka minane nyuma, binti alikuwa ameolewa, jina lake liko kwenye kadi ya chakula ya mume, kwa hiyo hakuhesabiwa na mama yake. Familia ikasafiri. Mwaka uliofuata mume akamwacha. Yuko peke yake kule na watoto wawili. Kuna faili lilifunguliwa hapa Buffalo, kwenye ofisi ya wakimbizi, na tangu lifunguliwe hakuna aliyeliona likitembea.

Nikatafsiri. Kiongozi akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akaandika. Akauliza jina la binti linaandikwaje. Akauliza umri wake. Akauliza watoto wanaitwa nani.

Mtu ambaye hajawahi kuishi kambini hawezi kujua alichokiona bibi pale. Mimi nilitakiwa kujua. Mzungu ameketi, mkalimani yuko pembeni, kalamu inatembea: jina, umri, watoto wangapi. Kila kitu kilichowahi kubadilika katika maisha yake kilianza hivyo. Hakuna mzungu aliyewahi kuandika jina la mtu wake bila kuwa na jambo la kulifanyia.

Kabla ya kuondoka, kiongozi alisimama nami kwenye veranda akaniambia amefurahi sana, ila huyu mama kwa kweli bado hajabatizwa. Kumwagiwa maji utotoni hakuhesabiki kwetu. Azamishwe mwenyewe akiwa na akili zake. Atakuwa tunda letu la kwanza Buffalo. Yeye kiongozi atarudi mwezi wa kumi na moja na wageni kadhaa.

"Zungumza naye," akasema. "Wewe anakuamini."

Nilizungumza naye Alhamisi. Nilikuwa nimejiandaa kwa hoja, na aya nimeziwekea alama. Nilitegemea anifukuze, na ningekuwa nimestahili. Badala yake aliendelea kuchambua maharage.

"Ule wa kwanza umepotea?" akauliza.

"Nini, bibi?"

"Ubatizo wangu. Wamepoteza?"

Mwenzangu akacheka, nami nikacheka. Tulidhani anatania, maana mizaha ilikuwa kawaida yake. Akasema basi sawa. Alichanjwa Kigoma wakamchanja tena alipofika huku. Alichukuliwa alama za vidole mara tano na vidole ni vilevile. Kama wanataka maji tena, wampe asubuhi, kabla ya zamu yake.

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, tukiwa tunafunga Biblia, alinishika mkono.

"Mjukuu wangu, nikishaingia majini, yule mzungu atasaini siku hiyohiyo, au ni mpaka arudi ofisini?"

"Asaini nini, bibi?"

"Ya binti yangu. Si aliandika?"

Mwenzangu alinitazama. Mlango ulikuwa wazi, basi lake lilikuwa linakaribia, alikuwa tayari amevaa koti na kofia mbili. Ilikuwa sentensi moja tu. Bibi, yule hana ofisi ya namna hiyo. Ningeisema kwa Kirundi, kwa Kiswahili, hata kwa kutikisa kichwa. Nikasema, "Tutaona, bibi."

Njiani nilimwambia mwenzangu kwamba tumrudie kesho tumweleze.

"Umweleze nini sasa?" akasema. "Mungu ana njia zake za kuvuta watu. Wewe mwenyewe si ulianza kanisa sababu ya mandazi? Uliniambia."

"Nilikuwa na miaka sita."

"Na ukabaki. Si ndiyo hiyo? Wacha aingie, mengine yatajipa. Na wageni wamekata tiketi tayari, aki, usituaibishe."

Ningependa kuandika kwamba alinizuia. Hakunizuia. Sheria ya wawili wawili ilikuwa mwavuli mzuri na nilijificha chini yake, lakini mdomo ulikuwa wangu. Nilitaka nionekane nimefaa. Nilitaka kiongozi aandike Columbus kwamba msichana wa Louisville ameleta mtu. Wiki hiyohiyo nilipata barua pepe kutoka kwa mmoja wa wale wawili wa Japani. Alikuwa bado anajifunza kuhesabu. Alikuwa amemkosea jirani kwa kutoa chupa siku ya karatasi, akaenda kuomba radhi na boksi la biskuti, na jirani akamfundisha namna ya kuinama. Hajabatiza mtu, hajahubiri, wala hakuna anayemuuliza. Shirika lilimwambia ardhi ya kule ni ngumu, asiwe na haraka. Nilisoma barua ile mara mbili na nikamchukia msichana ambaye hakunikosea kitu. Kwa Wajapani, subira. Kwa wakimbizi, wageni wamekata tiketi. Kwani nani angekataa? Watu waliokaa foleni miaka ishirini hawamkatai mtu mwenye kalamu, na shirika lilikuwa limeuita unyonge huo ardhi yenye rutuba.

Jumapili ilipofika tulikuwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa tulilokodi. Birika la ubatizo lilikuwa jeupe, la plastiki ngumu, lenye ngazi tatu za kushukia. Wageni wanne walisimama na kamera zao. Bibi alikuja amevaa kitenge kipya na kitambaa cha kichwani cha mama wa kanisa, na kwapani alikuwa na bahasha ya plastiki. Mwenzangu alitaka kumpokea ile bahasha ili amvike joho. Bibi akakataa kuiachia, akavikwa joho akiwa nayo mkononi. Akaenda moja kwa moja kwa kiongozi, ambaye alikuwa tayari amesimama ndani ya maji, akatoa picha mbili ndogo, zile za pasipoti, akampa kwa mikono miwili.

Zilikuwa za binti yake. Alizipiga Kigoma, akazituma kwa simu, na bibi akaenda kuzichapisha kwenye duka la dawa, ambalo huku huchapisha pia picha.

"Oh," kiongozi akasema, na macho yakamjaa machozi. "Mwambie ni mrembo. Mwambie nitaziweka ndani ya Biblia yangu." Akaziinua zionekane na kamera.

"Anasema ataziweka ndani ya Biblia," nikamwambia.

"Faili lake liko humo?"

Kiongozi akaziweka picha ukingoni mwa birika, akampa bibi mkono ashuke ngazi ya kwanza. Maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu. Pindo la joho likaanza kuelea.

"Muulize mbele ya mashahidi," kiongozi akasema, "kwa nini amekuja kubatizwa leo."

Nikamuuliza. Bibi akainua sauti, kama mtu aliyezoea mahojiano, aliyezoea kuambiwa aseme kwa ukamilifu.

"Mwambie nimekuja kumaliza ya binti yangu. Alimwandika mwezi wa tisa. Kubatizwa walisema nirudie, nimekubali kurudia. Picha nimeleta. Sasa kumebaki saini yake tu, mtoto aje."

Wote wakanigeukia mimi wakitabasamu, wakisubiri. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: anasema anampenda Yesu. Nilikuwa nimewalainishia maneno ya watu kwa miezi mitatu na hakuna aliyewahi kugundua. Nikamtazama yule mwanamke ndani ya maji ya vifundoni, mikono imepasuka, kichwa amekiinua, na kitu kikapasuka ndani yangu mimi pia. Nikatafsiri alivyosema, neno kwa neno, mpaka mwisho.

Kamera zikashuka. Kiongozi akawa mwekundu.

"Hapana, hapana. Mwambie sina uwezo huo. Mwambie niliandika ili nimwombee tu."

"Bibi," nikasema, "anasema hana uwezo. Aliandika ili asali tu. Yeye hana faili."

Bibi hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

Akapanda ngazi. Akavua joho mbele ya watu wote, akalitupa kwenye kiti, likadondosha maji sakafuni. "Picha zangu," akasema, na hilo hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Zilikuwa zimelowa. Akazifuta kwenye kitenge, moja, ya pili, taratibu sana.

Kiongozi aliniomba nimwambie kwamba angalau tusali pamoja kabla hajaondoka. Nikamwambia.

"Mimi nimesali kabla yeye hajazaliwa," bibi akasema. "Na saa tisa naingia kazini."

Nilimfuata hadi kituo cha basi bila koti. Mwenzangu alibaki mlangoni akiniita, kwani sheria ilikuwa imevunjwa. Nilisema bibi, bibi nisamehe, na yeye akasimama akitazama barabara ya Bailey, ambako basi lilikuwa bado halionekani.

"Usiniite bibi leo," akasema. "Yule mzungu hajui kitu, alizaliwa hivyo. Wewe umepanga foleni ya maji. Umekula unga wa njano wa kambini. Wewe!"

Basi likaja akapanda.

Siku mbili baadaye kiongozi alinipigia simu. Alisema nimemdhalilisha mama wa watu hadharani, na kwamba mambo kama yale hurekebishwa kwa upendo faraghani. Nilimuuliza kama amewahi kumwambia mtu anayemwandika kwamba anaandika kwa ajili ya nini. Alisema kila mtu anajua daftari la sala ni nini. Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila mwenzangu alifunga madirisha. Barua iliyotumwa kwa wafadhili mwezi ule ilikuwa na picha: mguu mweusi, kifundo kilichozama, maji ya buluu, na chini yake maneno kwamba Bwana ameanza kazi Buffalo. Nililirudishia shirika beji yao nikahamia chumba nyumbani kwa Mkongo mmoja na familia yake, mitaa mitatu mbele. Mwenzangu alinisaidia kubeba sanduku, akalia njia nzima, kisha akarudi kwenye kazi yake kwa sababu, alisema, mtu mmoja wetu lazima amalize.

Nilikaa wiki nzima kabla ya kwenda kubisha. Mwanawe akafungua, akamwita. Bibi akanikaribisha kiti na hakunipa chai. Sufuria ilikuwa jikoni, harufu ya ndagala ilijaa nyumba, na hakuna aliyenitajia chakula. Anayewajua Warundi anajua kwamba angenipiga kofi ingekuwa nafuu.

"Una Kiingereza," akasema. "Mwanangu cha kwake ni cha kiwandani. Ile ofisi ya kweli ina simu. Piga."

Nikapiga. Muziki ukacheza muda mrefu. Yeye aliketi mbele yangu, mikono magotini, ameshavaa koti la kazi. Mwanamke akajibu mwishowe, akauliza namba ya faili, nikamsomea kutoka kwenye karatasi aliyonisukumia, akaandika kwenye mashine yake. Akasema faili lipo. Halijakataliwa, halijakubaliwa. Linasubiri.

"Linasubiri nini?" nikauliza, na sauti yangu ikapanda. Yule mwanamke akasema haoni hapo kwenye mashine linasubiri nini.

Nikaziba simu kwa kiganja, nikamwambia bibi yote, bila kupunguza. Alisikiliza mpaka nikamaliza. Akatazama saa ya ukutani.

"Muulize anaitwa nani," akasema. "Mwambie nimeandika jina lake. Mwambie kesho saa hii tunapiga tena."

Akavuta karatasi na kalamu karibu, akasubiri nitafsiri.